Sosi ya kranberi kwa Sikukuu ya Shukrani: tupeane uzoefu, vipimo vikiwemo

Sufuria_Pana (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Wenzetu wa Kanada walishamaliza yao Jumatatu ya pili ya Oktoba, sisi wa Marekani tunangoja Alhamisi ya nne ya Novemba. Kila mwaka maswali ya sosi ya kranberi, yale matunda madogo mekundu yenye uchachu, ni yale yale: sosi imekuwa maji, sosi imekuwa gundi, sosi inakaza ulimi. Kila mwenye ujuzi amwage hapa, ila kwa vipimo. Habari za "weka kiasi" hazimsaidii mtu anayepika mara ya kwanza.

Naanza na msingi. Mfuko wa dukani ni wakia 12, sawa na gramu 340. Mfuko mmoja unataka sukari kikombe kimoja (gramu 200), maji kikombe kimoja (mililita 240) na chumvi kidogo ya kubana kwa vidole viwili. Zinatoka vikombe viwili na robo hivi, watu wanane hadi kumi wanapata, maana hii ni ya kuwekwa pembeni ya bata mzinga kama achari, si mchuzi wa kumwagia.

Chemsha maji na sukari mpaka iyeyuke. Mwaga kranberi. Zikichemka tena, punguza moto uwe wa wastani. Baada ya dakika tatu au nne zitaanza kupasuka moja moja, halafu nyingi kwa mpigo, na povu la waridi litapanda. Hesabu dakika 10 tangu zilipochemka tena, kisha epua.

Hapo ndipo watu wanapoharibu. Wakati wa kuepua sosi bado ni nyepesi, inateleza kwenye mwiko, na mpishi anaona haijaiva. Anaongeza dakika 10 nyingine, na kesho yake anakata sosi kwa kisu. Kranberi ina pektini nyingi ya asili (kitu cha kwenye matunda kinachogandisha jamu), na pektini hufunga sosi ikipoa, haifungi ikiwa motoni. Ukitaka uhakika, weka kisahani kwenye friza kabla ya kuanza, dondoshea sosi kijiko kimoja, subiri dakika moja, pitisha kidole katikati. Njia ikibaki wazi, imeiva.

Kijiko_cha_Mbao
Naongezea kuhusu sufuria. Tumia ya chuma kisichoshika kutu au yenye enameli. Zile za alumini tupu, ambazo wengi tumezizoea tangu nyumbani, hazifai hapa. Kranberi ni kali sana, asidi yake inakula alumini na sosi inapata ladha ya bati.

Tena iwe na nafasi. Mifuko miwili kwenye sufuria ndogo, povu litamwagikia jiko na ile sukari ikiungua juu ya jiko ni kazi ya jioni nzima. Mifuko miwili iende kwenye sufuria ya lita nne, na muda uwe dakika 12 hadi 15. Funika nusu, kwa sababu zikipasuka zinarusha, na doa lake kwenye kanzu au shati jeupe halitoki kirahisi.

Mama_Mchele
Kabla ya sufuria, tuseme uchaguzi. Zile za mifukoni kwa kawaida huvunwa kavu, kwa mashine zinazochana mimea. Yale mashamba yanayofurikishwa maji, mnayoyaona kwenye picha za majimbo ya Wisconsin na Massachusetts matunda yakielea mekundu, mengi ni ya kwenda kiwandani kutengeneza juisi na sosi ya kopo. Yanaelea kwa sababu ndani ya kila tunda kuna vyumba vinne vya hewa.

Kwa hiyo mwaga mfuko wote kwenye beseni la maji, uzichambue kwa mkono. Iliyolainika, iliyosinyaa au yenye doa la kahawia, tupa. Moja iliyooza inatosha kuleta harufu ya uchachu uliopitiliza. Nyeupe au zenye rangi nusu ni salama, ila ukali wake umezidi kidogo. Toa na vijiti, maana ukivikuta mdomoni ni aibu mbele ya wageni.

Za kwenye friza zipike hivyo hivyo zilivyo. Ukiziyeyusha kwanza zinalegea na kutoa maji.

ChumviKidogo
Mimi na Sufuria_Pana tunatofautiana kwenye sukari. Ukiiweka tangu mwanzo, maganda yanakaza, na utakula sosi yenye vigandaganda. Ninavyoshauri: maji na kranberi kwanza, zipasuke kwa dakika tano au sita, ndipo sukari iingie kwa dakika nne za mwisho. Maganda yanakuwa laini na unaweza kuonja ukiongeza. Anza na robo tatu ya kikombe, halafu panda.

Sufuria_Pana
Sawa kwa anayetaka laini. Anayetaka nyingine zibaki nzima mezani zionekane, aweke sukari mwanzo. Hayo ni mapenzi ya mtu, kosa hakuna.

Pwani_Columbus
Mapishi mengi ya mtandaoni yana mvinyo au brandi. Kwa meza ya Waislamu badilisha hivi: kila robo kikombe cha mvinyo, weka robo kikombe cha juisi ya komamanga isiyo na sukari na kijiko kimoja cha chai cha siki ya tufaha. Ladha ile ya chini chini inapatikana. Na usidanganywe kuongeza jelatini ili igande. Nyingine imetokana na nguruwe, na tunda lenyewe halihitaji msaada wowote.

Viungo: kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu tatu, vipande viwili vya tangawizi mbichi vyenye unene wa sarafu. Viingie na maji, vitoke kabla sosi haijapoa. Karafuu zifunge kwenye kitambaa, zikizidi tatu zinatawala kila kitu. Iliki mbili zilizopondwa zinakaa vizuri sana na chungwa. Ganda la chungwa likwangue rangi ya juu tu, ule weupe wa chini ni mchungu. Ukitumia juisi ya chungwa badala ya maji, punguza sukari vijiko viwili vya chakula.

Mgeni_wa_Friji
Swali wakuu. Mzee wa nyumbani ana kisukari. Nikitumia stevia au sukraloosi, vile viongeza utamu visivyo sukari, itaganda?

ChumviKidogo
Haitaganda vizuri. Pektini ya kranberi inahitaji asidi na sukari ya kutosha ili ishikane. Asidi ipo tele, sukari ukiiondoa unabaki na uji mwekundu. Pika na maji nusu kikombe badala ya kimoja, ponda matunda kwa mwiko yakishapasuka, kisha epua na ukoroge mbegu za chia kijiko kimoja cha chakula. Acha usiku mzima kwenye friji. Chia zinavuta maji na sosi inashika. Kiutamu weka ikishapoa kidogo, ukionja, kwa sababu kila aina ina nguvu yake.

Asali nayo ni sukari vilevile, isimdanganye mtu. Kwa asiye na kisukari, robo tatu ya kikombe cha asali inashika nafasi ya kikombe cha sukari, na maji yapunguzwe vijiko vitatu vya chakula.

Kijiko_cha_Mbao
Kuna ujanja wa beking soda kwa wanaotaka sukari ndogo. Robo kijiko cha chai kwa mfuko mmoja, sosi ikishaepuliwa. Itatoa povu, koroga mpaka litulie. Inakata sehemu ya asidi, hivyo hata sukari ikiwa pungufu ulimi haukazi. Isiwe beking pauda, wala hamira.

Mama_Mchele
Nakubali, ila robo ni robo. Ikifika kijiko kizima, ule wekundu unageuka zambarau iliyofifia na ladha inakuwa ya sabuni, tena kugandisha kunapungua kwa sababu asidi imeondoka. Kwa maoni yangu ni bora kuchanganya na tufaha tamu moja lililokunwa, litapunguza ukali na lina pektini yake.

Pwani_Columbus
Kwa anayetaka ile laini inayokatika vipande kama ya kopo: ikishapikwa dakika 10, ipitishe kwenye chujio la waya ikiwa moto, ukikandamiza kwa mgongo wa kijiko mpaka yabaki maganda makavu na mbegu. Kwangua na upande wa chini wa chujio, rojo nzito ndiyo inang'ang'ania huko. Rudisha motoni dakika mbili, mimina kwenye bakuli lililopakwa mafuta kidogo sana, friji usiku kucha. Usiikoroge tena ikishaanza kushika. Ukiivunja haishikani tena, inaanza kutoa maji. Kuitoa, chovya bakuli kwenye maji ya moto kwa sekunde 10, pindua juu ya sahani.

Mgeni_wa_Friji
Na iliyoharibika inaokoleka?

Sufuria_Pana
Karibu zote. Nyepesi: hakikisha kwanza imepoa kabisa kwenye friji, saa nne angalau. Ikiwa bado maji, irudishe motoni dakika tatu hadi tano. Ngumu: pasha moto mdogo na maji ya moto kijiko kimoja kimoja, ukikoroga. Kali: sukari iingie ikiwa moto ili iyeyuke, la sivyo itakwaruza meno. Tamu mno: ndimu nusu. Iliyoungua chini usiikwangue. Hamishia ya juu sufuria nyingine, onja, ikinuka moshi imwage, hakuna kiungo kitakachoificha.

Mtaa_wa_Dar
Sisi wa huku mbichi hazipatikani. Nimeona zilizokaushwa supamaketi. Zinafaa?

Mama_Mchele
Peke yake hapana ndugu yangu. Nyingi zimeshatiwa sukari na hazipasuki. Tumia rozela. Ukali na rangi vinakaribiana mno, hata Florida rozela ilipata kuitwa kranberi ya Florida. Rozela kavu gramu 50, maji vikombe viwili, chemsha dakika 15, chuja. Ongeza matufaha mawili yaliyokunwa na sukari kikombe kimoja, pika dakika 20 mpaka iwe nzito. Kranberi kavu zikatekate uchanganye humo ukipenda, karibu na kuku wa kuoka inapendeza.

Kijiko_cha_Mbao
La mwisho kutoka kwangu, uhifadhi. Pika siku mbili au tatu kabla, jikoni siku yenyewe hakuna nafasi. Kwenye friji inakaa siku 10 hadi 14 ikifunikwa. Friza, miezi miwili, acha nafasi ya vidole viwili juu ya chombo kwa sababu inatanuka. Iyeyushe kwenye friji usiku mzima, ikitoa maji koroga tu. Kwa wanaohifadhi kwenye chupa za kufunga kwa kifuniko: sosi iwe moto, nafasi ya robo inchi juu, chupa zichemke zikiwa zimezama kabisa kwa dakika 15 mahali ambapo mwinuko toka usawa wa bahari haufiki futi 1,000. Walioko Denver na miinuko kama hiyo, dakika 20.