Tupeane uzoefu: Kuku wako kipenzi aliugua, ulimuuguzaje mpaka akasimama?

Mama Tetea:
Habari za jioni wanajamvi. Uzi huu hauwahusu sana wenye mabanda ya kuku elfu mbili. Ni wetu sisi wenye kuku mmoja mwenye jina lake, anayeingia sebuleni bila hodi, na siku akigoma kula nyumba nzima inajua. Najua wapo watakaosema "chinja, bandika supu". Nao karibuni.

Naanza mimi. Nina mtetea wa kishingo, watoto wanamwita Mwanaharusi. Alijitenga na wenzake, akawa anasimama pembeni amejikunyata, macho nusu, na kila mara ananyoosha shingo kama anayetaka kumeza kitu. Nilimshika asubuhi na mapema kabla hajala chochote, nikapapasa kifua upande wa kulia chini ya shingo. Hapo ndipo lilipo gole, ule mfuko unaohifadhi chakula akishameza. Kuku mzima akiamka gole huwa tupu, maana chakula cha jana kimeshashuka usiku. La Mwanaharusi lilikuwa limejaa, gumu, likibonyezwa linarudi taratibu.

Nilimtenga kwenye boksi, chakula nikakizuia. Nikamdondoshea mafuta ya kula kidogo na maji ya vuguvugu kwa bomba la sindano (bomba tu, sindano yenyewe nimetoa), tone kwa tone pembeni ya mdomo, nikisubiri ameze. Kisha namkanda lile gole kwa vidole, polepole, napumzika, narudia. Jirani alinishauri nimning'inize kichwa chini atapike. Nilikataa, maana maji yakipita njia ya hewa umemuua mwenyewe. Lilipoanza kulainika nikampa uji na yai la kuchemsha lililopondwa. Kwenye kinyesi zikatoka nyuzi za kiroba, zile za plastiki, zimejisokota na majani makavu. Siku hizi viroba uani kwangu vinakunjwa na kuhifadhiwa. Haya, endeleeni.

Fundi Banda:
Hongera mama. Ila kabla watu hawajaanza kuingiza kuku wagonjwa jikoni, niseme hili. Swali la kwanza la kujiuliza ni kama huyo kuku ana mdondo (kideri, au Newcastle) au la. Akiwa anahara kijani, mabawa yameshuka, anahema kwa mdomo wazi, shingo inaanza kupinda, na wenzake nao wameanza kusinzia, hapo usihangaike kutafuta tiba. Mdondo ni kirusi, hauna dawa. Unachoweza kufanya ni kumtenga mbali kabisa, kunawa mikono na kubadili viatu kabla ya kwenda kwa wazima, na kumpigia bwana mifugo. Aliyekufa azikwe shimo refu au achomwe, asitupwe jalalani mbwa wakamsambaza mtaa mzima.

Kinga ipo na ni rahisi. Chanjo ya I-2 inatengenezwa hapa hapa Tanzania na Wakala wa Maabara ya Veterinari, inavumilia joto kuliko zile za zamani, na ni tone moja tu jichoni, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako, kwa hiyo changishaneni majirani mchanje siku moja. Wachanjwe wakiwa wazima, mgonjwa haponi kwa chanjo. Na msisubiri mtaa uanze kulia.

Mtoto wa Tukuyu:
Fundi uko sahihi, lakini kuna wanaonusurika. Wangu alipitia huo huo mdondo, wenzake wote wakaenda, yeye akabaki na shingo imegeuka, kichwa kinatazama angani. Akitaka kudonoa mahindi anadonoa hewa. Mzee wangu alisema huyo hana maisha.

Kilichomsaidia ni kulishwa. Tulikuwa tunamkumbatia, kichwa tunakishikilia kwa mkono mmoja, tunamwekea vitonge vidogo vya ugali na dagaa waliosagwa ndani kabisa ya mdomo. Maji kwenye kikombe kirefu, ili mdomo uzame hata akiyumba. Huku kwetu baridi haina utani, basi usiku tunamwekea chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga, yeye anaiegemea. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa tulikataa, ule moshi unaua kuku haraka, na binadamu vilevile.

Shingo ilirudi kwa muda mrefu sana, na haikurudi yote. Akishtuka, kichwa kinapinda tena anazunguka pale pale. Lakini anakula mwenyewe na ameshatotoa vifaranga.

Jogoo Mstaafu:
Wangu alipoumwa nilimpeleka hospitali ya sufuria. Iliyopona ni njaa yangu 😂

Mama Tetea:
Jogoo Mstaafu nilikuwa nakusubiri wewe. Kuku aliyekuwa mgonjwa unamla? Na kama alikuwa na dawa mwilini?

Shangazi wa Malindi:
Hamjambo wanangu. Mie nawaeleza ya ndui, maana huku pwani masika yakikoleza mbu wanakuwa wengi, na mbu ndiye anayeisambaza. Kuku wangu mweusi aliota vipele kwenye upanga wa kichwani, na kuzunguka macho na mdomo. Vikageuka vigaga vyeusi. Macho yote mawili yakaziba.

Sasa sikizeni. Kuku mwenye ndui ya ngozi mara nyingi hauliwi na ndui. Anauliwa na njaa na kiu, kwa sababu haoni bakuli liko wapi. Watu wanakimbilia kubandua vile vigaga. Msivibandue! Vikitoka vinaacha kidonda wazi, na kile kigaga chenyewe kimejaa ugonjwa, kikianguka chini mwingine anaambukizwa. Mie nilikuwa nachukua pamba na maji ya vuguvugu yaliyochemshwa na chumvi kidogo mno, nalowesha jicho, nangoja, nalowesha tena, mpaka ule utando unaachia wenyewe. Halafu namgusisha mdomo kwenye maji anywe, namgusisha kwenye pumba zilizolowekwa. Akishasikia chakula kipo wapi, anadonoa hata kama haoni. Kwenye vipele napaka iodini.

Vigaga vilikauka vikaanguka vyenyewe, nikavifagia na kuvichoma. Hii nayo ina chanjo, ya kuchomwa kwenye bawa. Lakini ukiona utando mweupe au wa manjano ndani ya mdomo na kuku anakoroma, hiyo ni ndui ya ndani, mbaya zaidi, muone mganga wa mifugo upesi.

Binti Kigoma:
Shikamoo shangazi. Jamani mimi nina dharura. Kuku wangu tangu jana anachuchumaa kiotani, anajikamua, mkia unapanda na kushuka, hatagi. Anatembea kama bata. Nifanyeje?

Dawa na Pumba:
Marahaba ya shangazi nimeidaka mimi njiani 😀. Binti Kigoma, hilo linafanana na yai lililokwama. Fanya hivi sasa hivi: beseni la maji ya vuguvugu, siyo ya moto, mkalishe maji yafike tumboni, umshike kwa utulivu kama nusu saa. Mkaushe vizuri, mpake mafuta ya nazi au ya kula kwenye tundu la kutagia, mweke mahali penye giza, joto na kimya. Usimkamue tumbo. Yai likipasuka ndani, ganda linamkata. Lisipotoka leo, usiku usipite bila kumtafuta mtaalamu, hiyo inaua.

Na kwa kuwa nauza dawa za mifugo, niongeze neno. Kila siku anakuja mtu dukani: "nilimpa rangi mbili (vidonge vya antibiotiki) za kwangu zilizobaki, hajapona." Utaponyaje ugonjwa usioujua? Kuhara damu kwa vifaranga kunataka dawa ya kuhara damu, amprolium kwa mfano, unaichanganya kwenye maji ya kunywa kwa kipimo cha kwenye pakiti. Mafua, uso umevimba na kamasi linanuka, hayo ni bakteria, antibiotiki inafaa. Mdondo na ndui ni virusi, antibiotiki haivigusi, labda kwa kinachodandia juu yake. Ukishampa antibiotiki, mayai hayaliwi na kuku hachinjwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe. Jogoo Mstaafu, umesoma?

Jogoo Mstaafu:
Nimesoma mkuu. Naona hospitali ya sufuria nayo inataka leseni.

Mpita Njia:
Mimi wangu hakupona, nasema tu maana nyuzi hizi huwa zinajaa waliopona. Mwewe alimpasua mgongo. Nilisafisha kwa maji ya chumvi, nikapaka asali, nikamfunika asitagiwe mayai na nzi, lakini jua la siku ile lilikuwa kali na nzi walishatangulia. Kwa mwenye kuku aliyeparuliwa: geuza manyoya yote, tazama hata chini ya bawa, tundu dogo ndilo linaloficha funza. Mtoto wangu bado anaulizia.

Shangazi wa Malindi:
Pole mwanangu. Mwambie ukweli, watoto wanaelewa.

Fundi Banda:
Pole sana. Hiyo ya kukagua chini ya bawa watu waizingatie. Nzi wa kijani hachelewi.

Binti Kigoma:
Ametaga!! Nilimkalisha beseni mara mbili, ya pili akanirushia maji usoni, nikajua nguvu zimerudi. Yai limetoka na ganda laini, ukilishika linabonyea. Sasa anakunywa maji hataki kuacha. Dawa na Pumba, Mungu akubariki. Hilo ganda laini ni nini?

Dawa na Pumba:
Alhamdulillah. Ganda laini mara nyingi ni upungufu wa madini ya chokaa, na ndilo lililokwamisha. Tafuta chokaa ya mifugo, au maganda ya konokono. Huko ziwani hamkosi. Yachome kidogo, twanga, weka kwenye kibakuli cha peke yake, usichanganye na chakula. Atadonoa kadiri anavyohitaji. Maganda ya mayai pia sawa, ila yakaushe na kuyasaga kabisa, akiona umbo la yai atajifunza kuyala ya kwake. Unamlisha nini kwa kawaida?

Binti Kigoma:
Pumba za mahindi tu, na mabaki ya wali.

Dawa na Pumba:
Basi tumeshajua. Ongeza dagaa na mchicha, na jua la asubuhi.