Intavyuu tatu zote nimekwama kwenye "tueleze kuhusu wewe", nifanyeje?

mtafutaji08:
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri maana naona nazunguka palepale. Mwaka huu nimeitwa intavyuu tatu na zote nimetoka kapa, na sio kwamba kazi siiwezi, nimekaa stoo miaka minne, kupokea mzigo, kutoa, kuhesabu, kuingiza kwenye mfumo, vyote nafanya hata nikiwa na usingizi. Shida nikishakaa mbele ya wale watu wakasema tu "haya tueleze kidogo kuhusu wewe" basi, naanza na jina, nilipozaliwa, shule ya msingi, sekondari, nikikaribia chuo naona mmoja anaangalia saa, hapohapo jasho linanitoka, ulimi unakuwa mzito na maswali yote yanayofuata najibu ilimradi. Ya mwisho nikasema nijiandae kweli, nikakariri majibu niliyoyakuta mtandaoni, ndo nikaharibu kabisa, nilisahau sentensi moja katikati nikaganda kama mtoto aliyesahau shairi mbele ya wageni. Alhamisi naitwa tena, kazi ileile ya stoo. Msaada jamani.

BiMkali:
Pole mdogo wangu. Kwanza acha kukariri, na habari za kuzaliwa waachie, CV si wanayo mezani? Wanataka kujua kwa nini wewe na sio yule anayesubiri nje. Na simu uizime, sio kuiweka mtetemo, UZIME.

mzee_wa_jopo:
Nimekaa upande wa pili wa ile meza mara nyingi kidogo, ngoja nikwambie kinachoendelea kule. Sehemu nyingi kila mjumbe anakuwa na karatasi ya maswali, maswali yaleyale kwa kila msailiwa, na kila swali lina nafasi ya alama. Kwa hiyo ukiona mtu kainamisha kichwa anaandika usidhani kakuchoka, anatafuta cha kukupa alama. Sasa ukimwambia "mimi ni mchapakazi, najituma, naweza kufanya kazi kwenye presha" ataandika nini hapo? Wote waliokutangulia wamesema hivohivo.

Kingine kinachoangusha watu wazuri kabisa ni hii "tu". Tulihesabu, tuligundua, tulirekebisha. Najua tumelelewa kwamba kujisifu ni aibu, na kweli mtu wa mimi mimi mimi anakera, lakini mimi niliyekaa pale nabaki najiuliza sasa wewe ulishika kalamu au ulishika kikombe cha chai? Nikiuliza tena na ukajibu tena "tulifanya" sina namna, nakupa nusu. Sema "tulikuwa watano, mimi nilishika hiki". Hapo hujajisifu, umesema ukweli.

Leo jioni chukua lile tangazo la kazi, kila jukumu waliloandika weka pembeni tukio moja la kweli lililokukuta: palikuwa na nini, wewe ulitakiwa kufanya nini, ukafanya nini, ikaishaje. Usiandike sentensi nzima utarudi kwenye kukariri, andika maneno matatu manne ya kukukumbusha. Matukio matano sita yanatosha maana moja linajibu maswali mengi, likiwa zuri utalitumia kwenye changamoto, kwenye kugombana na wenzako, hata kwenye kosa uliloliona likakufundisha. Halafu yaseme kwa sauti, ujirekodi kwenye simu usikilize. Kichwani kila mtu hodari.

mtafutaji08:
Asante sana mzee wangu. Ngoja nijaribu hapahapa mnikosoe: "Nina miaka minne kama mtunza stoo. Mwaka jana tuligundua mfumo unasema katoni 240 ila kwenye rafu zipo 212, tukafuatilia, tukajua tatizo, likaisha."

BiMkali:
Hahaha "tu" nimehesabu tatu. Na hizo 28 zilikuwa wapi? Umefika kwenye utamu ukafunga kitabu.

mtafutaji08:
Kweli dada 😂 Iko hivi, nilikaa siku nne na daftari la getini nikalinganisha na vocha za kutolea mzigo mojamoja, nikaona mzigo wa jioni unatoka kabla ya vocha kuandikwa, dereva ana haraka, wanasema tutaandika kesho, na kesho yenyewe haifiki. Nikamfuata meneja nikamwomba jambo moja tu, bila vocha yenye sahihi mzigo hautoki, nikabandika karatasi mlangoni. Madereva walininunia wiki nzima. Hesabu iliyofuata tofauti ilikuwa katoni 2.

mzee_wa_jopo:
Umeona? Hiyo ndo "tueleze kuhusu wewe" yako. Unafanya nini sasa, hilo tukio, halafu kwa nini unaitaka hii kazi yao, dakika moja na nusu inatosha, zikifika mbili nyamaza hata kama una hamu ya kuendelea. Na ya madereva kukununia usiitoe, hiyo ndo imenifanya nikuamini.

mkweli_mtupu:
Mnamdanganya kijana. Nafasi nyingine zina wenyewe, mnaitwa kusindikiza.

mzee_wa_jopo:
Zipo, sikatai. Ila akiwa pale hawezi kujua hii ni ipi, sasa afanyeje, akajibu hovyo ili aje kusema zilikuwa na wenyewe?

Neema_N:
Niongeze tu maana mimi nilikuwa mwoga kuliko wewe. Ukiulizwa swali usilielewe omba warudie, hakuna anayekukata alama kwa hilo, na kusema "naomba sekunde nifikirie" ni ruhusa kabisa, ukimya wa sekunde tano unauona mrefu wewe tu. Udhaifu usije ukasema "nafanya kazi kupita kiasi" wamelichoka hilo, taja kitu cha kweli kisichokuua kwenye hiyo kazi na unachofanya kukirekebisha. Mshahara ulizia kabla kwa watu wa kazi kama hiyo uende na kiwango kichwani. Wakikuuliza una swali usiseme sina! Mimi huwa nauliza "mtu mkimwajiri, mngependa awe amefanikisha nini ndani ya miezi mitatu ya kwanza", hapo ndo wanajisahau wanaanza kukueleza matatizo yao yote.

mtafutaji08:
Mrejesho wakuu, nimetoka saa hizi. Swali la kwanza wala halikuwa la kujieleza, wameanza na "tupe mfano mmoja ulipotofautiana na wenzako kazini", nikahisi jasho lileee, nikaomba sekunde nifikirie, wakanikubalia, nikawaletea madereva. Yule mama wa katikati akacheka akauliza "na wewe uliwafanyaje hao walionuna?" Hilo hatukufanyia mazoezi! Nikasema ukweli, nilianza kuziandaa vocha saa tisa kabla hawajafika ili wasisubiri. Wote watatu wakainama kuandika na safari hii nikajua wanaandika nini. La miezi mitatu nalo nimeuliza, wakaangaliana, kisha wakanieleza habari za hesabu za stoo kutokulingana, nikasema moyoni hapa ni nyumbani. Majibu ndani ya wiki mbili. Kosa moja tu, simu imelia katikati, alikuwa mama anauliza kama nimeshaingia.

BiMkali:
NILISEMA UZIME.