Hivi "mtanashati" maana yake hasa nini, na limetoka wapi?

Kijana_wa_Pongwe: Wakuu salaam. Ijumaa nimetoka msikitini, kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua kichwani, nikapita kwa akina mchumba wangu, shangazi yake akaniangalia akasema "huyu kijana mtanashati" nikavimba kichwa balaa. Sasa nawasimulia washkaji kazini mmoja ananiambia hilo ni sharobaro tu limesemwa kwa adabu. Nimesifiwa au nimesemwa? Na asili yake ni wapi?

Mla_Urojo: Umesifiwa, tulia. Mtanashati ni mtu nadhifu, nguo zimemkaa, ananukia vizuri na mbele za watu hana papara. Asili Kiarabu, mzizi wake ndo ule wa nashati, yaani uchangamfu, wepesi wa mwili, na hiyo "ta" ya mwanzo ndo ile ile ya tabasamu na tafakari, tukabandika m- likawa letu. Kwa Mwarabu mtu "nashiti" ni mchapakazi hachoki, sie tukahamia kwenye pasi na udi 😂

Binti_Ilala: Huyo mshkaji wako anachanganya mafaili. Sharobaro ni la juzi tu, lilivuma enzi za Bob Junior na studio yake ya Sharobaro Records, huyo huyo aliyemtengenezea Diamond nyimbo za mwanzo, halafu marehemu Sharo Milionea (alifariki kwa ajali Muheza 2012) akalifikisha hadi vijijini kwa vichekesho, ule mwendo wake na ile kuongea kwa mapozi. Ndani yake kuna kejeli kidogo, kama brazameni ya zamani. Mume wangu mwiteni mtanashati, sharobaro tutagombana.

Mzee_Kipara: Kuna na mlimbwende. Zamani ni yeyote anayependa kujipamba, mwanaume pia, leo magazeti yamewaachia mabinti wa Miss Tanzania. Ila mimi nalipenda zaidi haiba, maana kwa Waarabu ni ile heshima yenye woga, mtu akiingia barazani wote mnakaa sawa, kwetu limelainika likawa mvuto wa sura na tabia. Shangazi angesema una haiba ningekwambia peleka posa kesho.

Mwana_Mvita: Huku Mombasa mtanashati hata mwanamke huitwa, si nguo za bei, ni usafi. Kanzu moja ukiifua na kuipiga pasi watosha.