Seva ya kache itolewe usiku wa manane au mchana kweupe?

Hoja iliyo mbele yetu ni hii: taasisi inayohudumia umma ina seva kadhaa za kache, yaani kompyuta zinazotunza nakala za kurasa ili zijibu haraka, nyuma ya kisawazisha mzigo, yaani programu inayogawa maombi ya watu kwa seva hizo, na moja inatakiwa kutolewa kwa matengenezo. Je, kazi hiyo ifanyike usiku wa manane, watu wakiwa wamelala, au saa za kazi? Wengi waliotangulia kuchangia wamesimama upande wa usiku, na sababu yao ni ya heshima, kwamba mwananchi anayesubiri uthibitisho wa bima hospitalini asiumizwe na kazi ambayo ingeweza kusubiri. Nia hiyo naiunga mkono kabisa, ila hitimisho lake nalipinga. Mimi nasema itolewe mchana, kwenye saa nne asubuhi, katikati ya wiki.

Ndugu mmoja ameandika kwamba ukitoa seva moja kati ya kumi umepunguza nguvu kwa asilimia 10 tu, kwa hiyo hakuna cha kuogopa. Hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa sababu anayeumia si zile seva tisa zilizobaki, ni hifadhidata iliyo nyuma yao, yaani ghala la taarifa zenyewe ambalo huulizwa kache inapokosa nakala. Tuseme katika kila maombi 100, kache hujibu 90, na 10 tu ndiyo hufika kwenye hifadhidata. Ukiondoa seva moja, kurasa zilizokuwa kwake zinahamia kwa wenzake, ambao hawana nakala zake. Kama kurasa zinagawanywa kwa hashi (namba inayokokotolewa kutokana na jina la ukurasa) ya duara, ambayo huzipanga kurasa na seva kwenye duara moja, ile ambayo watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani waliichapisha mwaka 1997, sehemu moja tu ya kumi ndiyo inahama, na bado hifadhidata itapokea kwa muda karibu maombi 19 badala ya 10. Kama mgawanyo ni ule wa kienyeji, wa kugawanya namba ya hashi kwa idadi ya seva na kutazama baki, basi kutoka 10 kwenda 9 kunahamisha kurasa 9 katika kila 10, na hifadhidata inapigwa na maombi 91. Mabadiliko ni yaleyale ya seva moja.

Facebook iliwahi kuonja hali ya jamii hiyo tarehe 23 Septemba 2010, ingawa chanzo hakikuwa matengenezo. Mfumo wa kusahihisha mipangilio uliona thamani moja kwenye kache kuwa batili, kila mashine ikakimbilia hifadhidata kutafuta iliyo sahihi, na kila iliyojibiwa kwa hitilafu ikafuta nakala ya kache na kuuliza tena. Hata kosa la awali lilipokwisha kurekebishwa, mafuriko ya maombi hayakukoma, mpaka wakalazimika kuufunga mtandao wote. Watu wengi walikaa bila huduma kwa takriban saa mbili na nusu.

Sasa turudi kwenye usiku. Saa nane usiku maombi ni machache, kwa hiyo kila kitu kinaonekana shwari, na fundi anafunga kompyuta yake akiamini kazi imekwisha. Lakini kache hujazwa na maombi ya watu, na yakiwa machache haijai. Seva iliyorudishwa inabaki karibu tupu mpaka saa mbili asubuhi, ofisi zinapofunguliwa na watu wanapoingia kwa pamoja, huku kisawazisha mzigo kikiipa fungu lake kamili kana kwamba imeshiba. Wakati huo aliyeifanya kazi amelala, na aliye zamu hajui kilichoguswa.

Mchana kasoro huonekana papo hapo, mbele ya watu wenye uwezo wa kuizuia, mradi kazi ifanywe kwa utaratibu. Nimeona mara nyingi mafundi wakizima huduma kwenye seva yenyewe bila kukiarifu kisawazisha mzigo kwanza. HAProxy, mojawapo ya programu za kusawazisha mzigo, ukaguzi wa uhai wa seva ukiwashwa na mipangilio yake ya msingi ikiachwa ilivyo, hukagua kila sekunde 2 na huihesabu seva kuwa imekufa baada ya kufeli mara 3. Katika sekunde hizo maombi yanaendelea kutumwa kwa seva isiyojibu. Inayostahili ni kupunguza uzito wa seva, yaani fungu la maombi inalopewa, hatua kwa hatua, macho yakiwa kwenye mzigo wa hifadhidata, kisha kuzuia miunganisho mipya na kuiacha iliyopo imalizike. Kurudi nako kuwe kwa hatua hizohizo, na hapa wengi hukosa subira.

Mchangiaji mwingine ameuliza: taasisi yenye seva mbili tu ifanyeje? Kwake nakubali usiku, kwa sharti kwamba kurasa zilizoombwa zaidi jana yake ziitwe kwa programu kabla ya alfajiri ili kache ijae. Lakini uongozi uelezwe kwa maandishi kwamba mfumo usiomudu kupoteza seva moja mchana hauna akiba yoyote, kwa sababu diski haichagui saa ya kufa.

Wenzangu wa upande wa usiku, naomba mnijibu hili: katika utaratibu wenu, nani anakaa mbele ya skrini kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi inayofuata, na je, ana mamlaka ya kuitoa tena ile seva bila kusubiri idhini ya mtu aliyelala?