Hatari ya tetemeko: tujenge kwa hesabu ya miaka 475 au kwa tetemeko kubwa kabisa?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito, maana ni uhai wa watu.

Nchi nyingi hutaka jengo la kawaida lihimili mtikisiko ambao uwezekano wa kuzidiwa ndani ya miaka 50 ni asilimia 10. Ukipiga hesabu unapata ile "miaka 475": mtikisiko wa kiasi hicho huzidiwa kwa wastani mara moja kila miaka 475. Watu wakiisikia wanadhani tetemeko lina ratiba, kwamba likishapita leo basi hadi vitukuu wako salama. Hapana, ule ni wastani tu. Linaweza kurudi kesho.

Msimamo wangu: kwa shule na hospitali tuachane na wastani. Tuulize ufa wa ardhi ulio karibu unaweza kutoa tetemeko kubwa kiasi gani, tujenge kwa hilo. Mwaka 2002 huko San Giuliano di Puglia, Italia, shule iliporomoka ikaua watoto 27 na mwalimu. Kisheria eneo lile halikuhesabiwa kuwa la matetemeko, ingawa wataalamu walishapendekeza lihesabiwe. Nikiikumbuka shule ile, asilimia hazinitulizi.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, uchungu wako naujua, ila hilo "kubwa kabisa" nani analijua? Kwa bahari ya Tohoku, Japani, tathmini zilitarajia matetemeko ya ukubwa wa 8 hivi. Machi 2011 likaja la 9.0. Na mchanga ulioachwa na tsunami ya mwaka 869 ulikuwa umeshachimbuliwa ukasomwa! Hesabu ya uwezekano angalau haifichi mashaka: kila ufa unaingia na kasi yake ya kuzalisha matetemeko, na wataalamu wakipingana, kila rai inapewa uzito wake.

Mchangiaji wa pili: Mnabishana kuhusu chanzo, udongo mmeusahau. Mwaka 1985 tetemeko lilianzia pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 350 kutoka Mexico City. Kwa umbali huo lilitakiwa liwe limechoka. Lakini sehemu kubwa ya jiji imekaa juu ya tope la ziwa la kale, na tope likayakuza mawimbi ya taratibu, yale ya sekunde 2 hivi kwa mzunguko. Majengo ya ghorofa 6 hadi 15, ambayo hupepesuka kwa mwendo unaokaribiana na huo, ndiyo yaliyoumia zaidi. Penye mwamba madhara yalikuwa madogo. Ramani ya nchi nzima haiwezi kukuonyesha hayo. Fedha ziende kupima udongo mtaa kwa mtaa.

Mleta mada: La udongo nalipokea lote, sikulitaja na nilipaswa kulitaja. Tohoku naisoma tofauti. Kuuliza kuhusu kubwa kabisa hakukuwa kosa. Kosa ni kujibu kwa kumbukumbu za karne chache, wakati ufa unaweza kukaa kimya miaka elfu moja. Mchanga wa 869 ulikuwa umeshasema. Sasa mchangiaji wa kwanza, nijibu wazi: shule iliyo kando ya ufa uliolala, wewe ungeipa namba gani?