Tupeane uzoefu: waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume, busha, njia ya mkojo na korodani hapa Dar

Mzee wa Tabata (mleta mada)

Habari za wakati huu ndugu zangu. Nimefungua uzi huu kwa sababu wanaume wa mji huu tunaumwa kimya kimya. Ukienda kliniki ya njia ya mkojo unakuta benchi limejaa wazee waliosindikizwa na binti zao, na wengi wamefika mfuko wa mkojo tayari unaning'inia chini ya kanzu. Tuliokwishaingia thieta tunayo mambo ambayo mtu anayesita angepaswa kuyasikia mapema. Kwa hiyo tuelezane: tatizo lilikuwa nini, walikufanyia nini hasa, na mwili ulirudi vipi. Tusitaje hospitali kwa kulaumu, na habari za dawa za chupa zina uzi wake.

Naanza mimi. Nina miaka 60 na ushee, na tatizo langu lilikuwa tezi dume. Tezi hii imekaa chini ya kibofu na mrija wa mkojo unapita katikati yake, ndiyo maana ikikua inaubana. Usiku nilikuwa naamka kila mara, mkojo unatoka kwa kukatikakatika, nikimaliza nahisi bado upo. Nilipewa tamsulosini, dawa ya kulegeza njia ya mkojo, na ilinisaidia muda mrefu tu. Kisha siku moja, baada ya safari ya basi kutoka Morogoro, mkojo ukagoma kabisa. Kibofu kikijaa halafu njia imefungwa, mtu mzima unalia mbele ya watoto wako. Nikawekewa mpira wa kutolea mkojo usiku uleule, nafuu ikaja papo hapo.

Daktari hakukimbilia kupima PSA. Alinieleza kuwa kipimo hicho cha damu hakisemi moja kwa moja una saratani au huna. Mkojo ukiziba, ukiwa na maambukizi, au ukishawekewa mpira, chenyewe kinapanda. Akasubiri wiki kadhaa ndipo akapima. Wengi huitazama namba 4 kama mpaka, lakini daktari huiweka pamoja na umri, ukubwa wa tezi na kipimo cha kidole, yaani kuipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa. Na anayemeza finasteridi, dawa ya kupunguza ukubwa wa tezi, amwambie daktari, maana ukiitumia miezi 6 hivi inashusha PSA karibu nusu, mtu akasoma majibu akadhani mambo ni shwari. Hicho kipimo cha kidole kinachowakimbiza watu kwangu kilichukua muda wa kusema bismillahi.

Nilifanyiwa upasuaji wa kupitia njia ya mkojo, tumbo halikuguswa. Walinichoma nusu kaputi mgongoni, nikawa macho nawasikia wanaongea. Wanapitisha kifaa chembamba chenye kamera na waya wa umeme, wanakwangua nyama ya tezi kutokea ndani kipande kwa kipande, na vile vipande vinapelekwa maabara. Unatoka na mpira mnene wenye njia 3: maji ya chumvi yanaingia kutoka kwenye dripu, yanasafisha kibofu, yanatoka na damu. Mfuko wangu ulianza na rangi ya juisi ya rozela, mke wangu akashika kichwa. Nesi akamwonyesha namna ya kutazama: kadiri rangi inavyopauka mambo yanaenda vizuri, ila mabonge yakiziba mpira au mfuko ukiacha kujaa, uite mtu hapohapo.

Mpira ulipotolewa mkojo uliunguza, na wiki za mwanzo nikibanwa sina subira. Damu kidogo ilirudi nikiwa nyumbani. Nilikuwa nimeambiwa kigaga cha ndani hubanduka kama wiki 2 baada ya upasuaji, kwa hiyo hatukushtuka. Maji mengi, papai kila siku ili nisikaze choo, na ndoo ya maji wanabeba vijana.

Hili lingine wenye wake wasome vizuri. Baada ya upasuaji wa namna hii mara nyingi manii hayatoki nje tena. Yanarudi kwenye kibofu na kutoka na mkojo. Hayana madhara humo. Kusimama kwangu kupo vilevile. Lakini kama bado unataka mtoto, liulize hilo kabla hujasaini fomu.

Mama Salma, Magomeni

Shikamoo mzee wangu. Nakushukuru kwa hilo la mwisho. Mume wangu aliambiwa kila kitu isipokuwa hilo, na mimi sikuwa chumbani wakati anaongea na daktari. Alipopona akaanza kunikwepa, nikadhani kuna mwanamke mwingine, kumbe anaogopa nitamwona si mwanaume kamili. Ilibidi turudi kliniki pamoja, daktari akatuchorea kwenye karatasi jinsi mlango wa kibofu unavyobaki wazi. Ile karatasi bado ninayo. Jamani, ingieni wote wawili kwa daktari.

Kijana wa Gongo la Mboto

Mimi ni dereva wa bodaboda. Niligongwa pale njia panda ya Segerea, nikaangukia tangi kwa katikati ya miguu. Damu ikawa inatoka tundu la mkojo na mkojo hautoki. Wadogo zangu wa kijiweni, lishikeni hili: ukiona damu pale baada ya ajali, asikulazimishie mtu mpira kwa njia ya mbele, maana mrija unaweza kuwa umechanika na mpira ukazidi kuuchana. Mimi niliwekewa wa tumboni, chini ya kitovu, nikatembea nao muda mrefu.

Baadaye njia ikapona kwa kovu, na kovu likabana. Kuna mahali nikawa napanuliwa kwa vyuma. Unakojoa vizuri kwa muda, halafu kamba ya mkojo inarudi nyembamba tena, na kila ukirudi kovu linazidi kuwa refu. Niliyekuja kumpata, daktari bingwa wa njia ya mkojo, alinipiga X-ray ya rangi kwanza: wanasukuma dawa mle kwenye mrija, picha inaonyesha wapi pamebana na kwa urefu gani. Akasema kupanua basi, tunajenga upya.

Walichukua ngozi laini ya ndani ya shavu. Ndiyo, shavu la mdomoni. Inazoea majimaji na inashika haraka, ndiyo maana wanaipenda. Niliamka kutoka kaputi nina maumivu mdomoni kuliko huko chini. Siku za mwanzo ni uji wa baridi kwa mrija na kusukutua maji ya chumvi, na nilikuwa siwezi kufungua mdomo vizuri. Shavu lilipona haraka sana. Huko chini ni mpira wiki kadhaa, kisha picha ya rangi tena kuhakikisha hapavuji, ndipo ukatolewa.

Siku ya kwanza nilikojoa nimesimama, nikamwita mama aje asikie sauti mlangoni. Alilia. Nimerudi barabarani, ila kila baada ya muda naenda kupimwa kasi ya mkojo.

Mkazi wa Mbagala

Huku pwani tumelelewa kuambiwa busha linaletwa na madafu. Babu yangu aliyakataa madafu maisha yake yote na busha alilipata. Ni minyoo midogo inayoenezwa na mbu, haohao wanaozaliana kwenye vyoo vya shimo na madimbwi ya maji machafu. Ndiyo maana serikali imekuwa ikigawa zile dawa za ivermectin na albendazole mitaani. Dawa inapunguza minyoo kwenye damu, lakini busha kubwa lililokwishajaa haliondoki kwa kidonge. Mengine hutokea bila minyoo kabisa, kwa hiyo usimcheke mtu wala usimhukumu.

Mimi nilivaa kanzu miaka kadhaa siyo kwa ucha Mungu. Nilienda kwenye kambi ya upasuaji, daktari akazima taa akaweka tochi nyuma ya korodani, pakawaka pote. Akasema ni maji. Ingekuwa utumbo umeshuka, yaani ngiri, taa isingepenya hivyo na upasuaji wake ni mwingine. Wakapasua, wakamwaga maji, wakakigeuza kile kifuko na kukishona ili yasijikusanye tena. Nikarudi nyumbani na chupi ya kubana, uvimbe ukapungua taratibu. Kuvuta maji kwa sindano peke yake sikushauri, jirani yangu alifanyiwa yakarudi, na mara ya pili akapata usaha.

Mama Kigamboni

Naomba niwasemee watoto. Mwanangu alizaliwa tundu la mkojo halipo kwenye ncha, lipo chini ya uume. Mkunga aliliona palepale, akaandika kwenye kadi na akanisisitizia: mtoto huyu asitahiriwe. Ile ngozi ya mbele ndiyo kitambaa cha daktari wa upasuaji, ukiikata umempunguzia nafasi ya kutengenezwa vizuri.

Sasa jaribuni kuwaza nyumbani kwetu. Wajomba wameshapanga, bibi anauliza kila Ijumaa mtoto atafanyiwa lini. Nilichukua kadi nikamsomea bibi mwenyewe, na tangu hapo yeye ndiye akawa mlinzi. Mtu akigusia tohara anajibu yeye.

Alifanyiwa kabla hajatimiza mwaka na nusu. Manesi walinifundisha pampasi mbili: ya ndani unaitoboa tundu, ule mrija mwembamba wa mkojo aliowekewa unapita hapo na mkojo unamwagika kwenye pampasi ya nje, kidonda kinabaki kikavu. Unabadilisha ya nje tu, ya ndani mpaka achafue. Kama mtoto wako ana tatizo hili na umeambiwa msubiri akue mpaka aanze shule, omba rufaa kwa daktari wa upasuaji wa watoto. Hata korodani isiyoshuka hawasubiri miaka. Akifika miezi 6 haijashuka anapaswa kuonwa.

Mwalimu wa bweni

Fupi lakini tafadhali someni. Mvulana akiamka alfajiri na maumivu makali ya ghafla kwenye korodani moja, anatapika, usimpe panadol ukamwambia alale. Korodani inaweza kuwa imejisokota na damu haifiki. Mna kama saa 6 za kuiokoa. Wengine wanaona aibu wanasema tumbo linauma chini, kwa hiyo muulize moja kwa moja. Mwanafunzi wetu aliingia thieta kabla ya saa nne asubuhi, wakaisokotoa, na ile nyingine nayo wakaishona isije ikafanya hivyo.

Nesi mstaafu

Kwa wanaokaa na mpira wakisubiri upasuaji: mfuko uwe chini ya kibofu siku zote, hata kwenye daladala, lakini usiguse sakafu. Mpira ufungwe pajani usivutike. Tarehe ya kubadilisha iandikwe. Wa kawaida ni kama kila mwezi, wa silikoni unaweza kufika miezi 3. Na asiuvute mtu mwenyewe, ndani kuna puto limejazwa maji. Nimeona waliolivuta likiwa limejaa, sitasahau.

Binti wa Kimara

Asanteni wote. Baba yangu anaamka usiku mara nyingi, anakaa chooni muda mrefu, nikimuuliza anasema ni uzee. Anaogopa ataambiwa saratani. Nianzie wapi?

Mzee wa Tabata (mleta mada)

Binti yangu, usianze na neno saratani. Tezi iliyokua tu ni kitu tofauti, ndiyo inayowapata wengi wa umri wetu, na hata saratani ikigunduliwa mapema tiba zipo, Muhimbili kwa upasuaji na Ocean Road kwa mionzi. Mpe daftari, aandike siku 3 saa anazokojoa na kiasi, apime kwa kikombe cha zamani. Kazi hiyo wazee tunaikubali. Kliniki watamuuliza maswali 7 yenye alama 35 kwa jumla, na kwa daftari lile atajibu bila kuona haya. Mjomba wake au rafiki yake wa msikitini akimsindikiza atafunguka zaidi kuliko akiwa na wewe chumbani, wewe kaa nje na vyeti. Siku hiyo anywe maji na asikojoe njiani, maana altrasaundi inataka kibofu kimejaa kwanza, kisha wanampima tena akishakojoa waone kimebaki kiasi gani.