Tupeane uzoefu: paskii inapogoma na pesa imo ndani ya pochi

Mwanabusia

Wakuu, habari zenu. Nimefungua uzi huu kwa sababu hapa mpakani haipiti muda bila kukutana na mtu aliyefungiwa nje ya pochi yake ya mtandaoni. Salio lipo, bando lipo, simu ni yake, ila akigusa "Ingia" anaambiwa hakuna ufunguo wa siri uliopatikana. Wengi hukimbilia kufuta programu na kuipakua upya. Wengine humpigia yeyote anayejiita huduma kwa wateja, na hapo ndipo wanapoliwa.

Kwanza tujue tunachoshughulika nacho. Unapotengeneza ufunguo wa siri, ile paskii, simu huzaa funguo mbili. Mmoja unakwenda kwa kampuni ya pochi. Wa pili, ambao ndio wa siri, unabaki upande wako: ndani ya simu, au kwenye akaunti ya Google au Apple inayokutunzia manenosiri. Kidole chako hakitumwi popote, kazi yake ni kuiruhusu simu iutumie ule ufunguo. Na ufunguo haukai kwenye laini. Hilo nalisisitiza, maana hapa Busia mtu ana laini ya Uganda na ya Kenya, na pochi ikigoma cha kwanza anachoanza kubadilisha ni laini.

Kuna mama mmoja muuza nafaka alinunua simu mpya, akahamisha laini, pochi ikakataa. Bahati nzuri simu ya zamani alikuwa amempa mwanawe, ikaletwa. Tukafungua Mipangilio, tukaingia Google, kisha Kidhibiti cha Manenosiri, na ufunguo tukaukuta pale. Ulikuwa umehifadhiwa chini ya barua pepe ambayo mama hakuwahi kuisikia. Duka lililomuuzia simu ile ndilo lililomfungulia akaunti ya Google ili simu iwake, na nenosiri lake hakupewa. Simu mpya ilikuwa na akaunti nyingine, ingeuonaje ufunguo? Tuliingia kwenye pochi kwa simu ya zamani, tukaenda sehemu ya usalama, tukaongeza ufunguo mpya kwenye simu mpya kwa barua pepe yake mwenyewe, ndipo tukaufuta ule wa kwanza. Kama simu ya zamani ingekuwa imeuzwa, angebaki kuwaandikia wenye pochi na kutuma kitambulisho, na majibu ya njia hiyo hayaji haraka.

Leteni ya kwenu: simu gani, ujumbe gani ulitokea, mlitokaje. Msiweke namba zenu wala picha za salio.

FundiWaMjini, Kampala

Mkuu, hilo la barua pepe za dukani ni kweli tupu. Naongeza linalotokea kwenye meza yetu ya ufundi. Mteja analeta simu kubadilishiwa kioo, anaambiwa aondoe mchoro wa kufungua skrini ili fundi aijaribu. Anaondoa. Jioni akiwa nyumbani pochi haifunguki. Paskii kwenye Android inadai simu iwe na kufuli la skrini, usipokuwa nalo simu haina cha kukuthibitishia. Rudisha namba ya siri au mchoro, zima simu na uiwashe, jaribu tena. Nyingi hurudi hapo hapo. Mimi siku hizi siombi tena mteja aondoe kufuli, namwambia akae afungue mwenyewe.

Kuna kitu kingine ambacho watu wanakichanganya na paskii. Programu nyingi za fedha zina "ingia kwa kidole" ambayo ni ya programu yenyewe, ndani ya simu ile tu. Ukisajili kidole kipya, kwa mfano cha mkeo, programu inaweza kuizima kwa makusudi na kukuomba nenosiri, kwa kuwa haijui kidole hicho ni cha nani. Hapo hakuna kilichoharibika. Ingia kwa nenosiri, washa upya. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika, mtu aangalie mipangilio ya pochi: je, kuna orodha ya funguo za siri? Kama haipo, shida yake si paskii.

DerevaMalaba

Kwangu ilikuwa VPN, ile programu inayofanya mtandao ukuone kama uko nchi nyingine. Tangu Facebook ifungwe Uganda mwaka 2021 VPN yangu haizimwi, na pochi ikiniona niko Uholanzi leo na Singapore kesho, inazuia kuingia hata kidole kikikubali. Nilipozima nikaingia. Wenye safari kama zangu anzeni hapo.

Dada_Mbarara

Asanteni kaka zangu. Mimi nilikuwa na Samsung, nikahamia Tecno. Akaunti ya Google ni ile ile, barua pepe naijua, nenosiri nalijua, na bado Tecno ikasema hakuna ufunguo. Niliyemuuliza dukani alinijibu Tecno haikubali paskii, na si kweli, kwa sababu Android 9 kwenda juu inakubali. Kumbe nilipoutengeneza ufunguo, Samsung ilikuwa imeuweka kwenye Samsung Pass, kitunza manenosiri chake yenyewe, si kwa Google. Tecno haina Samsung Pass, kwa hiyo hata ningengoja mwaka mzima usingekuja.

Nilichofanya: kwenye Samsung niliingia kawaida, nikawasha njia ya nenosiri pamoja na programu ya misimbo, ile inayotoa namba ya muda ya kuingilia, nikaingia kwa njia hiyo kwenye Tecno, nikatengeneza ufunguo mwingine. Safari hii kile kidirisha kilipotokea nilikisoma hadi mwisho, maana kinaandika ufunguo unahifadhiwa wapi. Kuanzia Android 14 unaweza pia kuchagua mtunzaji kwenye mipangilio ya manenosiri na funguo za siri.

Swali: anayetoka iPhone kwenda Android anafanyaje?

Mwanabusia

Dada, ni yale yale. Za Apple hukaa iCloud Keychain, kitunza manenosiri cha Apple, na hazitajitokeza zenyewe kwa Google. Tengeneza mpya kwenye Android ukiwa bado na iPhone mkononi. Na kwenye iPhone iwe iOS 16 au zaidi, Keychain iwashwe, na uthibitishaji wa hatua mbili wa akaunti ya Apple uwe umewashwa.

MwalimuArua

Ndugu zangu, naomba niandike kwa urefu kidogo, kwa sababu mimi paskii ilipogoma iliniokoa.

Kwenye kundi la shule uliletwa ujumbe kwamba pochi zote zinahakikiwa upya, na usipobonyeza kiungo akaunti itafungwa. Nilibonyeza. Ukurasa ulikuwa na nembo, rangi, kila kitu. Nikagusa kuingia kwa ufunguo wa siri, simu ikasema hakuna ufunguo wa tovuti hii. Ukurasa wenyewe ukaniambia basi andika nenosiri, kisha weka msimbo utakaokuja kwa SMS.

Nikajiuliza, asubuhi ufunguo ulifanya kazi, umekwenda wapi? Nikausoma mstari wa anwani juu, herufi kwa herufi. Katikati ya jina palikuwa na herufi moja iliyozidi. Ufunguo wa siri hufungwa na anwani halisi ya tovuti ulikotengenezwa. Jicho la binadamu hupita juu ya herufi moja bila kuiona, simu haipiti. Mwenzangu ambaye bado anatumia nenosiri peke yake alijaza yote mawili, na salio lake likaondoka usiku ule.

Tukiri pia kwamba si kila mara ukurasa huwa wa matapeli. Kiungo kikifunguliwa ndani ya programu ya kuchati, kile kivinjari kidogo cha humo ndani mara nyingi hakiwezi kuita paskii. Kwa hiyo dawa ya hali zote mbili ni moja: funga, fungua Chrome au programu ya pochi mwenyewe, andika anwani kwa mkono. Ikikubali, vizuri. Na ukiwa kwenye ukurasa uliotumiwa, paskii ikigoma usiandike nenosiri kamwe.

KijanaJinja

Kwa wanaotumia kompyuta za kafe: ukiskani msimbo wa QR na simu ikazunguka bila kufika, tazama Bluetooth. Inatakiwa iwe imewashwa pande zote mbili ili kompyuta ijue simu iko karibu. Hakuna haja ya kuziunganisha, ila lazima iwepo. Kompyuta nyingi za mezani hazina kabisa. Na kwenye kompyuta ya watu usikubali kamwe inapokuomba utengeneze ufunguo humo.

Nakuja_Lira

Wakuu nisaidieni, simu imeibwa jana Taxi Park ya zamani. Pochi ina paskii na nina simu nyingine mkononi. Nianze wapi? Mwizi anaweza kuingia?

Mwanabusia

Pole sana ndugu. Asiyejua namba yako ya skrini hawezi kuutumia ufunguo. Hata hivyo usikae. Tumia huduma ya Google ya kutafuta kifaa, ifunge ile simu sasa hivi. Kisha ingia kwa akaunti yako ya Google kwenye hiyo uliyonayo. Ukifika kwenye funguo za siri itakuomba kufuli la skrini la simu iliyoibwa, au PIN ya Kidhibiti cha Manenosiri kama uliiweka, kwa hiyo likumbuke vizuri, usibahatishe ovyo. Ukishaingia kwenye pochi, ondoa vifaa vyote usivyovitambua. Laini nayo uizuie leo, uende na kitambulisho cha taifa uirudishe, maana misimbo ya SMS inakwenda huko. Akikupigia mtu kusema simu yako imepatikana na anahitaji msimbo, kata.

Nakuja_Lira

Imeingia. Iliniomba mchoro wa simu iliyoibwa, nikauchora, ufunguo ukaja. Kifaa cha zamani nimekitoa na salio liko sawa. Sasa naelekea kurudisha laini.